Namba Kumi Ina Miguu

Maneno haya niliyasema alasiri moja Chake Chake, kisiwani Pemba, chini ya mwembe ulio nyuma ya skuli, mbele ya vijana, wenye gari na wavuvi wachache. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa nimeondoa marudio na mzaha mmoja ambao mke wangu hakuupenda.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya pikipiki zenu kana kwamba mnataka kukimbia kabla sijaanza. Sheha aliponiita alisema nije nizungumze juu ya ufundi. Nikamwambia, bwana, ufundi ni bahari, nipe kidau kimoja nikipige kasia. Akacheka, akasema: "Basi zungumza juu ya vifaa. Kila msimu wa karafuu ukimalizika, vijana wanapanda boti kwenda Unguja, wanarudi na masanduku yanang'aa, na gari zao bado zinavutwa kwa kamba." Nikasema hilo naliweza, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao.

Kwa hivyo leo ni soketi tu. Sisi wa umri huu tunaziita boksi spana, lakini madukani siku hizi ukisema soketi utaeleweka haraka zaidi. Ni kichwa cha chuma: upande mmoja kina tundu la kuvaa nati, upande wa pili kina tundu la mraba la kupachika mpini. Mpini ni mmoja, vichwa ni vingi. Hilo ndilo wazo lote, na si la jana. Mmarekani mmoja, J. J. Richardson wa Woodstock, Vermont, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya spana ya namna hii yenye racheti na vichwa vya kubadilisha mwaka 1863. Racheti ni ule mpini wenye meno ndani, unaokaza upande mmoja na kurudi bure upande wa pili, bila kuivua soketi. Baadaye, mwaka 1920, Joseph Johnson na mwenzake wakaanzisha kampuni ya Snap-on kule Marekani wakiuza mipini 5 na soketi 10. Tangazo lao lilikuwa kwamba vitano vinafanya kazi ya hamsini.

Hesabuni hapo. Mipini 5 na soketi 10 ni vipande 15. Vipande 15 vilijisifu kufanya kazi ya spana 50. Leo mnauziwa sanduku la vipande 216, na vinavyofanya kazi ndani yake ni kama 15 vile vile.

Mie la kwangu la kwanza lilikuwa la vipande 108. Nilikuwa na Hiace ya kubeba abiria, nina pesa ya kwanza ya maana maishani, na muuzaji akanifungulia sanduku polepole kama anayefungua kisanduku cha dhahabu ya bibi harusi. Kila kitu kimelala mahali pake, kinameremeta. Sikuuliza swali hata moja. Niliisoma ile tarakimu tu: 108. Niliporudi nyumbani nikakaa barazani nikavihesabu. Zaidi ya nusu vilikuwa vichwa vya bisibisi, vidogo kama mbegu za papai, na vile vyuma vya umbo la L. Safu nzima nyingine ilikuwa soketi za inchi, ambazo kwenye Hiace hazina pa kukaa. Soketi za milimita zilipofika 19, zikaruka. Iliyofuata ilikuwa 22.

Sikulijali hilo, mpaka usiku wa kumpeleka mama mkwe Mkoani kuwahi boti ya Unguja. Tulipopita Mtambile kidogo mpira ukapasuka. Wili spana ya gari, ile ya kufungulia nati za mpira, ilikuwa imeazimwa na jirani, na mnajua kifaa kilichoazimwa kinarudi lini. Nikasema hakuna tabu, nina sanduku. Nati za mpira za Toyota ni 21. Nikaijaribu 19, haivai. Nikaivalisha 22, ikavaa kwa starehe, ikacheza. Nikaongeza bomba kwenye mpini, nikapanda juu yake kwa mguu. Ikateleza. Nati ya kwanza ikalika pembe, ya pili ikalika pembe, na mimi nikachubuka vidole vinne ukutani mwa gari. Kovu hili hapa, anayetaka atalitazama baadaye. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe na kikapu chake cha vitumbua mapajani. Hakusema neno. Boti iliondoka. Nakuambieni, ukitaka kujua uzito wa kimya, mcheleweshe mkwe boti.

Vipande 108, na kimoja nilichokihitaji hakikuwamo.

Kwa hivyo ninachokuombeni ni hiki: kabla hujapanda boti, kabla hujaingia dukani, chukua daftari ukakae chini kando ya gari yako. Azima spana za fundi nusu siku, mlipe chai, upime kichwa kimoja kimoja. Andika. Mkifanya hivyo kwenye Toyota, mtakuta orodha fupi mpaka mshangae: 10, 12, 14, 17, 19, 21. Hizo sita ndizo zinazofungua sehemu kubwa kabisa ya gari. Nati za kushikia betri, 10. Bolti ya kumwagia oili kwenye Toyota nyingi ndogo, 14. Nati za mpira, 21. Lakini mwenye Suzuki, iwe Carry au Escudo, yake ni 19. Plagi za Toyota IST, Vitz na Spacio nyingi zinataka soketi ndefu ya 16.

Na kwa nini ziruke hivyo, 10, 12, 14? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata mafundi wengi hawalijui. Namba tunayoitaja ni upana wa kichwa cha bolti kwa milimita. Unene wa bolti yenyewe ni kitu kingine. Bolti ya unene wa milimita 8 Mjapani aliipa kichwa cha 12. Mjerumani bolti hiyo hiyo akaipa kichwa cha 13. Ya unene wa 10, Mjapani kichwa 14, Ulaya utakuta 16 au 17. Ndiyo maana mtu akihama kutoka Toyota kwenda kwenye Vespa ya marehemu babu yake anaona kila soketi imekuwa na wazimu. Haina wazimu, ile ni Mtaliano: nati za gurudumu lake ni 13. Na pampu ya maji pale uani, ikiwa imefuata vipimo vya Ulaya, itakuomba 13 pia. Bolti ya unene wa 6 peke yake ndiyo waliyokubaliana karibu wote: kichwa 10. Kwa hivyo namba kumi inatumika kila mahali, inatoka sandukuni kila siku, na kila siku inapotea. Namba kumi ina miguu. Nunueni mbili.

Wavuvi, msidhani nimekusahauni. Mashine za boti za Kijapani mnazotumia ni za familia hiyo hiyo ya 10, 12, 14, na plagi za mashine nyingi ndogo zinafunguliwa kwa 21. Kwa hivyo mwenye gari ya Toyota na mashine ya boti anaweza kuishi na seti moja. Shida yenu ni chumvi tu, na hiyo nitaigusa.

Mtu akiniuliza habari ya inchi, nitamjibu kwa mkato: ukiwa na Land Rover au Bedford ya zamani iliyolala mgombani, nunua za inchi. Usiponayo, usilipie.

Sasa sogeeni. Nina soketi mbili mkononi, zote 12. Wewe mwanangu wa mbele, itie hii machoni uelekeze kwenye mwanga. Unaona pembe ngapi ndani? Sita. Haya, na hii? Ndiyo, kumi na mbili, kama nyota. Masanduku mengi ya bei ya chini huja na hizi za nyota, na muuzaji atakwambia ni bora kwa sababu zinavaa haraka. Kuvaa zinavaa haraka kweli. Lakini nati ina pembe sita, na ile ya nyota inaishika karibu na ncha za pembe, pale palipo dhaifu. Nati mpya haitajali. Nati iliyokaa miaka minane chini ya gari inayopita Wete mpaka Konde masika yote, ikanywa maji ya chumvi, ncha zake zimeshaliwa na kutu. Ukiishika nchani unaimalizia. Ile ya pembe sita, hasa ikiwa iliyotengenezwa vizuri, inasukuma ubavu wa nati. Ipapaseni kwa kidole, mtaona pembeni mwa kona kumechongwa duara kidogo ili kona isiguse kabisa. Kwa visiwa hivi mie sinunui ya nyota, hata nikipunguziwa bei.

Mraba wa mpini nao una saizi zake: robo inchi, tatu ya nane, na nusu inchi. Robo ni ya vitu vidogo, dashibodi na kabureta. Nusu ni ya mipira, sasupensheni na bolti nzito. Ya katikati, tatu ya nane, ndiyo ningemshauri mtu wa nyumbani aanze nayo, ingawa najua wengi mmezoea nusu kwa kila kitu. Nusu inchi kwenye bolti ya namba kumi ni kama kumpiga nzi kwa mchi: hutasikia inapokaza, utasikia inapokatika. Chukua seti nzuri ya tatu ya nane kutoka 8 mpaka 19. Kisha kwa mraba wa nusu inchi ununue vitu vitatu tu: mpini mrefu usio na racheti, soketi ya 19 na soketi ya 21, zote ndefu. Hapo mama mkwe wako atawahi boti.

Nasema mpini usio na racheti kwa makusudi. Racheti ni ya kuzungushia, haikuumbwa kwa kuvunjia nati iliyogoma. Chukulia mtu wa kilo 70 anasimama mwisho wa bomba la mita 1. Hiyo ni karibu nyutonimita 690, nyutonimita ndiyo kipimo cha nguvu ya kukaza. Nati ya mpira ya Toyota ndogo inatakiwa ikazwe kwa 103. Anakaribia mara saba, halafu nguvu yote hiyo anaipitisha kwenye kijino ndani ya racheti kisichozidi ukucha. Kikikatika, anamlaumu Mchina. Na wakati wa kukaza anafanya hivyo hivyo, anaipandia, ndiyo maana siku ya pili nati haifunguki. Kama mnaweza kuchangishana mtaa mzima mkanunua spana moja ya kupimia nguvu ya kukaza, fanyeni. Haihitaji kuwa ya mtu mmoja, maana haitumiki kila siku.

Kwenye racheti watakutajieni meno. Yenye meno 24 inataka uisogeze nyuzi 15 ndipo ishike tena. Yenye 72 inashika kila nyuzi 5, kwa hivyo unaweza kufanya kazi mahali pembamba, nyuma ya injini ambako mkono haupati nafasi. Nzuri sana. Lakini meno mengi ni meno membamba, na meno membamba yanataka chuma kizuri. Kwa pesa kidogo mie nachukua machache yenye unene. Itie sikioni uizungushe. Nzuri inalia sawasawa, tiki tiki tiki, kama saa ya ukutani. Ikilia tiki, tiki, ikameza moja, kisha tiki, irudishe rafuni.

Chuma. Karibu kila soketi duniani imeandikwa Chrome Vanadium, yaani chuma cha kromu na vanadi, hata ile iliyonipasukia mkononi. Maandishi yanagongwa na yeyote mwenye muhuri. Zile nyeusi nene ni za kromu na molibdeni, zimetengenezwa kwa mashine za kugongesha kama zile za mafundi mipira, na hazina haja nyumbani, ingawa ukizipata kwa bei ya kawaida hazidhuru. Kuliko kusoma maandishi, fanyeni ninavyofanya mie. Naingia dukani na nati mbili na bolti moja mfukoni, zimetoka kwenye gari yangu mwenyewe, safi, hazijalika. Hizi hapa, 12, 14 na 21. Naomba soketi, navalisha. Isukume kushoto na kulia. Ikitikisika kama jino la mtoto wa miaka sita, asante, kwaheri. Kisha napachika soketi kwenye mpini, nauinamisha, nautikisa: isianguke, lakini isining'oe kucha nikiivua. Kisha natazama mdomo wa soketi, ukuta wake uwe na unene sawa pande zote. Tundu likiwa limekaa upande, huyo aliyeitengeneza alikuwa na haraka. Dakika tano tu. Muuzaji mzuri atakuvutia kiti. Atakayekasirika amekusaidia kuamua.

Na hapa nafika kwenye swali ambalo kwangu linashinda mengine yote. Wenzetu huko Marekani wananunua kifaa kwa sababu ya dhamana ya maisha: kikivunjika unakirudisha, unapewa kingine. Kwenye masanduku yetu nayo imeandikwa. Wewe wa Micheweni, soketi ikipasuka Jumanne, utaipeleka wapi? Nauli ya boti kwenda na kurudi inapita bei ya soketi. Kwa hivyo mie siulizi dhamana. Namuuliza muuzaji: "Bwana, nikipoteza namba 12, utaniuzia moja peke yake?" Akisema ndiyo, akanionyesha rafu yenye soketi moja moja, hapo nipo nyumbani. Seti yangu haitakufa. Akisema mpaka ninunue sanduku jingine zima, basi sanduku lile siku ya kwanza lina vipande 108, mwaka wa pili lina mashimo. Thamani ya kifaa mie naipima hapo. Sanduku la bei nafuu unalolinunua mara tatu ni ghali. Lakini hata la Snap-on, au la Stahlwille ya Wajerumani, wallahi, kwa gari moja ya nyumbani ni kumvisha kuku kilemba. Katikati ndipo penye heri yetu. Taiwan wanatengeneza vifaa vya katikati vizuri sana, King Tony mmojawapo, na mafundi wengi wa Bara wanakula navyo.

Kuna njia nyingine ambayo wenye haya hawaisemi: mitumba. Makontena ya Japani yanayoshuka Unguja hayaleti baiskeli na majokofu peke yake. Ndani ya makapu ya vyuma vya mafungu, chini kabisa, chini ya bisibisi zilizopinda na ile spana ya kurekebishika ambayo jina lake la mtaani sitalitaja mbele ya mama zangu, utakuta soketi imegongwa jina la Kijapani: KTC, au Tone, au Ko-ken. Imefifia, ina mikwaruzo, ameitumia Mjapani miaka ishirini. Ichukue. Mie nina seti ya tatu ya nane niliyoiokota moja moja namna hiyo kwa miaka miwili, kwa bei ya samaki. Hazifanani rangi. Hakuna hata moja iliyonipasukia. Tazama tu mdomo usiwe umetanuka au una ufa, na uende na zile nati zako mfukoni.

Kuhusu chumvi, ni fupi. Ukimaliza kazi, pangusa kwa kitambaa chenye oili, ya zamani inatosha. Usihifadhi kwenye sanduku lenye sponji ndani, sponji inakunywa unyevu na kuutunza. Zikilowa maji ya bahari, zioshe kwa maji baridi ya kisima siku hiyo hiyo kabla ya oili. Mvuvi asiyefanya hivyo atanunua seti kila kaskazi.

Mama mmoja ameniandikia karatasi hapa, anauliza kama mwanamke anaweza kufungua mpira wa gari peke yake au nguvu hazitoshi. Mama yangu, ukiwa na mpini wa nusu inchi wenye urefu wa kutosha na soketi ndefu ya 21 ya pembe sita, nati iliyokazwa inavyotakiwa utaifungua kabla mumeo hajamaliza kukunja mikono ya shati. Legeza nati gari ikiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki. Yule aliyekaza kwa kupanda juu ya bomba, huyo ndiye umlete aje aifungue.

Magharibi inakaribia na wengine mna safari. Vifaa vyangu vyote viko kwenye kile kitambaa juu ya meza, vizuri na vibovu, na ile soketi iliyopasuka ipo. Vishikeni, vitikiseni, visikilizeni. Namba kumi nimeleta tatu. Nimezihesabu mbele ya sheha, na nitazihesabu tena kabla sijaondoka.